Muziki wa Kisasa na Spika za Kikundi

(Hotuba hii ilitolewa katika semina ya wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia. Tumeichapa kwa sababu vikundi ambavyo havikuweza kufika viliiomba.)

Asanteni kwa kuacha palizi na kuja. Tunajua magugu hayangoji semina.

Mlipoulizwa mwandike mnataka tuzungumze nini, karatasi nyingi zilirudi na jambo moja. Mama mmoja aliandika kwamba muziki wa siku hizi unaharibu watoto, na anataka kujua kanisa linasema nini. Kikundi kimoja cha vijana nacho kiliandika kwa upande wa pili. Wamenunua spika mbili na jenereta kwa mkopo, wanakodisha kwa sherehe na matanga, na sasa wameambiwa kanisani kwamba pesa hizo ni za shetani. Wanauliza, je, mkopo utalipwa na nani? Kwetu sisi hayo ni maswali mawili yenye mlango mmoja, na leo tutajaribu kuingia kwa mlango huo.

Kwanza tuseme jambo ambalo wengine hamtalipenda. Sisi hatukuja hapa kulaani muziki. Mkitaka mhubiri wa kulaani gitaa mtampata hapa karibu, wala hahitaji nauli.

Wazee walioko hapa walisimuliwa na wazazi wao jinsi mambo yalivyokuwa. Mtu akibatizwa, ngoma aliiacha nje ya mlango. Wamisheni wengi walisikia ngoma wakadhani wamesikia mashetani, wakaiweka pamoja na matambiko na kuikataza. Leo nendeni kanisa lolote kijijini siku ya Jumapili mtafute ibada isiyo na ngoma wala kayamba. Ngozi ni ile ile ya ng'ombe. Katika Kanisa Katoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikani uliandika mwaka wa 1963 kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima na nafasi katika ibada. Makanisa mengine yalifika huko kwa njia zao, na mengi ya yale ya Kiafrika yaliyojitenga hayakuwa yameiacha ngoma.

Halafu likaja gitaa. Miaka ya 1960 vijana wa Nairobi walicheza twisti, wazazi wakashika vichwa. Wale vijana sasa ni babu zetu, na wao ndio wanaolalamika kwa sauti kubwa kuliko wote juu ya muziki wa wajukuu! Wimbo Malaika, ambao Fadhili William aliurekodi miaka hiyo, ulikuwa muziki wa dansi. Leo kijana yule aliyekosa mali ya kuoa anaimbwa na watu wa kila dini, na hakuna anayekohoa. Kwa hivyo tukisema muziki ni mbaya kwa sababu ni mpya, wajukuu watatucheka, na watakuwa na haki.

Lakini kuna wengine wanaosema, "Ah, wimbo ni wimbo tu, haufanyi kitu." Hapo pia hatukubali. Kama wimbo haufanyi kitu, mbona sisi watu wa maendeleo tunawatungia watoto wimbo wa kunawa mikono? Mbona kila kikundi hapa kina wimbo wake wa kukaribisha mgeni, na siku ya mgeni mkubwa kwaya inaanza mazoezi wiki mbili kabla? Mbona wakati wa kura kila mgombea anatafuta mwimbaji? Mwaka wa 2002 wimbo mmoja wa vijana wawili, Unbwogable, ulibebwa na upinzani nchi nzima. Neno lililosemwa mara moja linasahaulika kabla ya chai. Neno lililopigiwa ngoma na kurudiwa mara mia mtoto analala nalo.

Biblia inajua hivyo. Mnamkumbuka Sauli? Akisumbuliwa na roho mbaya, Daudi alikuwa anachukua kinubi anapiga, na mfalme anapata nafuu. Kisha vita vikaisha, wanawake wakatoka mijini na matari, wakacheza na kuimba wimbo uliompa Daudi sifa nyingi kuliko mfalme. Tangu siku hiyo Sauli alimtazama Daudi kwa jicho baya, na baadaye mkuki ukarushwa. Kijana ni yule yule, na nyumba ya mfalme ni ile ile. Muziki wa kwanza uliponya na wa pili ukaleta mkuki. Soma 1 Samweli 16 na 18, utaona hakuna mahali ambapo kinubi kinalaumiwa.

Tena, msidhani kila mwimbaji wa dunia anaimba uchafu. Wengine walisema ukweli kabla yetu. Joseph Kamaru, aliyefariki mwaka wa 2018, aliimba juu ya mwalimu anayemfanya mwanafunzi wake kuwa mpenzi. Walimu walikasirika sana. Sasa jiulizeni, wakati huo ni mimbari ngapi zilikuwa zimelitaja jambo hilo? Kamaru huyo huyo aliokoka mwaka wa 1993 akageukia nyimbo za injili, na watu wengi walifurahi kwamba ameacha mambo ya dunia. Sisi pia tunafurahi. Lakini wimbo ule wa mwalimu ulikuwa unamlinda msichana, na haukuwa wa injili.

Au chukueni Ukimwi. Franco wa Kongo alitoa wimbo wa kuonya juu ya ugonjwa huo mwaka wa 1987. Hapa kwetu Princess Jully aliimba Dunia Mbaya miaka ya 1990. Serikali ya Kenya ilitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa mwezi wa Novemba 1999. Hesabuni wenyewe ni nani alitangulia. Mazishi yalikuwa yanafuatana, na mara nyingi aliyesimama kuzungumza kaburini alisema tu kwamba marehemu "ameugua kwa muda."

Basi tupime wimbo kwa nini? Tuna njia moja ambayo tumeijaribu na vikundi, na haina gharama. Mwambieni kijana achague wimbo anaoupenda. Aandike maneno yote kwenye karatasi, kisha asimame ayasome kama vile katibu anavyosoma kumbukumbu za mkutano. Bila ngoma, bila kucheza. Kikundi kimoja tulipofanya hivyo, vijana walianza kwa kucheka. Kijana aliyekuwa anasoma alifika mstari wa nne akanyamaza, akakunja karatasi. Mama yake alikuwa ameketi pale mbele. Hakuna aliyemkemea, hakukuwa na haja. Ndipo msichana mmoja akasimama na karatasi yake, akasoma wimbo wa mwimbaji wa mtaani juu ya mama anayeuza mboga asubuhi na mapema ili mtoto aende shule. Akauliza, "Na huu je, nao ni wa shetani?" Kina mama walimpigia makofi. Muziki wa aina moja, miaka ile ile, hata waimbaji wanajuana, na karatasi mbili zilikuwa tofauti kabisa.

Hiyo karatasi ina faida kuliko kupiga marufuku. Mwaka wa 2019 Bodi ya Kuainisha Filamu ilipiga marufuku wimbo Taka Taka kwa sababu ulimdhalilisha mwanamke. Ilikuwa sawa kusema hapana. Lakini marufuku ya Nairobi haifiki ndani ya simu iliyo mfukoni mwa kijana anayechunga mbuzi.

Na tafadhali, hiyo karatasi isomewe nyimbo za injili pia. Siku hizi kuna nyimbo ambazo mtu anamwomba Mungu amwaibishe jirani, ampatie gari, na ampitishe mbele ya waliomcheka. Zaburi pia zinalia juu ya maadui, ndiyo. Lakini tumeona kikundi ambapo wanachama wawili waligombana juu ya mchango, halafu mmoja akawa anaimba wimbo wa maadui kila akimwona mwenzake akipita na mtungi. Kikundi kile kilivunjika. Wimbo ulikuwa na jina la Yesu mara kumi na mbili.

Sasa tufike kwenye matanga, maana hapo ndipo moto ulipo.

Nyinyi mnaotoka Magharibi na Pwani mnaijua disko matanga kuliko sisi. Wengine tuwaeleze. Mtu amefariki. Kuna deni la hospitali, kuna mochari inayohesabu kila siku, kuna jeneza, kuna chakula cha waombolezaji. Familia haina kitu. Basi inakodisha spika na jenereta, dijei anafunga mitambo nyuma ya nyumba, na giza likiingia vijana wanafika kutoka vijiji vinne. Mahali pengine kunakuwa kama mnada. Huyu analipa wimbo wake upigwe, yule analipa ukatwe, mwingine analipa ili fulani asimame acheze. Pesa zinaingia kwenye karai, na asubuhi wanahesabu. Anayeshangaa kwa nini familia ya Kikristo inakubali hivyo, asome kwanza karatasi ya mochari.

Kuna watu watasema muziki na msiba haviendani. Si kweli, na wazee wanajua si kweli. Isukuti ya Waisukha na Waidakho hupigwa kwenye matanga, na ni urithi mkubwa hata shirika la UNESCO liliiorodhesha mwaka wa 2014 kama kitu cha kuhifadhiwa haraka. Wamijikenda wana kifudu. Waafrika hawajawahi kuzika kimya kimya. Tofauti tunayoiona sisi ni hii. Mpiga ngoma huchoka. Mkono ukichoka, watu wanakaa, uji unaletwa, mzee anasimama anataja marehemu alikuwa nani. Ngoma inapigwa na mtu ambaye watu wanamjua, na shangazi zake wapo. Jenereta haichoki mpaka petroli iishe, na dijei ametoka mbali, hajui marehemu alikuwa mwanamume au mwanamke.

Tena tuseme yale ambayo hayasemwi kwenye mabaraza. Mabaya hayatokei mbele ya spika. Yanatokea hatua mia moja kutoka hapo, kwenye mahindi, nyuma ya shule, njiani saa tisa za usiku wakati msichana wa darasa la saba anarudi nyumbani na "mtu wa kumsindikiza". Hatusemi muziki ndio ulimpa mimba. Aliyempa mimba ni mtu, ana jina, na mara nyingi ni mtu mzima mwenye pikipiki au kioski, pengine hata yumo katika kikundi chetu. Lakini spika ilifanya kazi tatu. Ilimwita msichana kutoka mbali. Ilimpa sababu ya kuwa nje usiku, maana nani atamkataza mtoto kwenda kuomboleza? Na alipopiga kelele, ilifunika sauti yake.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 15 walikuwa wamewahi kushika mimba. Si wote walitoka kwenye disko, hapana. Wengine wametoka nyumbani, wengine shuleni, wengine kwa sababu ya njaa tu. Lakini wale wa disko ni wale ambao sisi katika chumba hiki tungeweza kuwasaidia, kwa sababu spika ni zetu.

Machifu na makamishna wametoa amri za kukataza disko matanga mara nyingi. Zinasaidia kwa wiki kadhaa, halafu disko inahamia ng'ambo ya mto. Chifu hawezi kulala kila boma. Mwenye jenereta ndiye aliye pale, na ufunguo wa jenereta uko mfukoni mwa kikundi.

Tusome Marko 5. Yairo alikuwa na binti wa miaka 12, na habari zikaja kwamba amekufa. Yesu alipofika kwenye nyumba ile alikuta nini? Alikuta kelele na watu wanaolia kwa sauti. Mathayo katika sura ya 9 anaongeza kwamba kulikuwa na wapiga filimbi. Walikuwa wanamuziki wa matanga, ndugu zetu, wamekuja kazini kama desturi ya wakati ule. Yesu hakuhubiri juu ya filimbi. Hakusema filimbi ni za shetani. Alipokuwa arusini Kana hatusikii kwamba alimfukuza mtu yeyote, na arusi ya Wayahudi haikukosa nyimbo. Hapa aliwatoa nje, wakamcheka, akawatoa hivyo hivyo, kisha akaenda kumshika mkono msichana wa miaka 12. Alipoinuka, Yesu alisema apewe chakula.

Sisi tumelisoma hilo mara nyingi bila kuona filimbi. Lakini likisomwa katika nyumba yenye disko matanga linasomeka tofauti. Kulikuwa na kelele, na kulikuwa na msichana, na haikuwezekana kushughulikia yote mawili. Alichagua.

Basi vikundi vyenye spika vifanye nini? Hatutaki muuze spika. Tumeona kikundi kimoja kilichokaa mikutano mitatu, tena kwa ugomvi, kikaandika masharti ya kukodisha kwenye karatasi moja. Kwa matanga, spika ni za matangazo, hotuba, ibada na nyimbo za kuomboleza, na jenereta inazimwa saa tatu usiku. Mwanachama mmoja mtu mzima anafuatana na mitambo, na yeye ndiye anayeshika ufunguo, dijei hashiki. Mnada wa kumlipia mtu acheze haukubaliwi. Familia ikitaka kinyume, inarudishiwa amana yake na spika zinarudi nyumbani. Mwishoni waliongeza sharti moja ambalo hatukulifikiria sisi, kwamba anayekodisha aonyeshe kibali, maana tangu kanuni za kelele za mwaka wa 2009 muziki wa sauti ya juu unahitaji ruhusa, na hawakutaka spika zao zichukuliwe na polisi.

Je, walipoteza pesa? Ndiyo, walipoteza. Hatutawadanganya. Miezi ya kwanza familia nyingi zilikwenda kukodisha kwa mtu wa sokoni asiye na masharti. Mweka hazina alikuja kwetu na daftari akiwa na uso mrefu. Waliokoka kwa mambo mawili. La kwanza, walikwenda kwa mkopeshaji kabla ya tarehe ya kulipa, sio baada, wakaomba malipo yapunguzwe na muda uongezwe. Mkopeshaji humsikiliza anayekuja mapema kuliko anayetafutwa. La pili, walitafuta kazi za mchana, kama vile harusi, michango ya shule, mikutano ya kaunti ya kukusanya maoni ya wananchi, krusedi, sherehe za kufuzu. Kazi ya mchana inalipa kidogo kuliko usiku, lakini petroli ni kidogo na spika hazimwagiwi pombe.

Lakini hayo yote ni kukata matawi. Mzizi ni karai ile ya pesa. Familia inaita disko kwa sababu haina njia nyingine ya kumtoa mtu wao mochari. Tukiondoa disko tu, tumewaachia maiti na deni. Kwa hiyo tunawaomba, na hapa ndipo tunataka mtoe kalamu, kila kikundi kiwe na mfuko wa mazishi. Tuseme mko wanachama 40. Kila mmoja akitoa shilingi 100 kwa mwezi, ni shilingi 4,000. Kwa mwaka ni shilingi 48,000. Vikundi vitatu vya lokesheni moja vikiungana vina shilingi 144,000. Hizo hazitoshi kila msiba, lakini zinatosha familia isiamke asubuhi ya kwanza ikitafuta dijei. Mfuko huo uwe na daftari lake. Usichanganywe na ule wa kupeana kwa zamu, na katiba yenu iandike wazi ni mzazi, mke, mume au mtoto gani anahesabiwa. Tumeona ugomvi mkubwa juu ya mama mkwe. Andikeni mapema kama yumo au hayumo.

Jambo moja tena kabla ya maswali. Vijana wanakwenda disko matanga pia kwa sababu hakuna kingine. Kijijini Jumamosi alasiri kuna nini? Mpira, kama kuna mpira. Kikundi chenye spika kikiwapa vijana alasiri moja kwa mwezi, uwanjani, jua likiwaka, wazazi wakiwa wameketi kando na karanga zao, wapige muziki wao na waimbe nyimbo walizotunga, hamtapoteza kitu. Mtasikia nyimbo ambazo hamtazipenda. Ombeni karatasi ya maneno. Kule kukaa pamoja na kusikiliza ni nusu ya kazi, na wengi wetu wazazi hatujawahi kuifanya. Tunapiga kelele kutoka jikoni, "Zima hiyo takataka!" na mtoto anavaa visikizi, na kuanzia hapo hatujui tena anafundishwa nini.

MASWALI YALIYOULIZWA

Mzee mmoja aliuliza kama Mkristo anaweza kusikiliza rumba nyumbani kwake. Tulimjibu kwamba Biblia haitaji rumba, na kwamba yeye ni mtu mzima mwenye dhamiri. Nabii Amosi katika sura ya 6 aliwakemea watu waliolala kwenye vitanda vya pembe za ndovu wakijitungia nyimbo, na kosa lao lilikuwa hawakuhuzunika kwa maangamizi ya watu wao. Akisikiliza rumba jioni na kesho akaenda kumlimia mjane, hatuoni Amosi akimgombeza. Mzee alisema mke wake hatakubali jibu hilo. Tulimwambia hilo ni jambo la nyumba yake.

Kijana wa kikundi cha spika aliuliza, "Mkituwekea saa tatu na yule wa sokoni anapiga mpaka asubuhi, si mnatufukuza kazini?" Ni swali la haki. Jibu letu ni kwamba kikundi kimoja peke yake kitaumia. Vikundi vyote vya lokesheni vyenye mitambo vikubaliane saa moja na masharti sawa, halafu viende pamoja kwa chifu na kumwomba amshike na yule wa sokoni kwa masharti hayo hayo. Katika semina hii tulihesabu vikundi vitano vyenye spika. Tuliviomba vibaki nyuma kidogo baada ya chakula, na vinne vilibaki.

Swali la mwisho liliulizwa na mama aliyesimama kwa shida. Binti yake ana miaka 15. Alikwenda matanga ya jirani, sasa ana mimba ya miezi minne. Kwaya ya vijana imemwondoa, na shule imesema apumzike. Anayetajwa ni mpiga kinanda wa kwaya hiyo hiyo, ambaye ana miaka 27 na bado anapiga kila Jumapili.

Watu walinyamaza. Tulimjibu hivi. Shule haina ruhusa ya kumfungia mlango, maana sera ya serikali ya kumrudisha msichana shuleni baada ya kujifungua ipo tangu mwaka wa 1994, na aende na mzee wa kanisa kumwona mwalimu mkuu. Kuhusu yule mwanamume, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka wa 2006 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na kwa mtoto wa miaka 12 hadi 15 kifungo hakipungui miaka 20. Si jambo la kumalizwa kwa mbuzi na wazee wa pande mbili, na anayepokea mbuzi huyo ajue amepokea nini. Apige ripoti kwa polisi na kwa afisa wa watoto. Namba 116 ni ya bure, usiku na mchana. Kwa wengine wote waliokuwepo tuliongeza kwamba mtoto akilazimishwa, apelekwe hospitali kabla ya saa 72 kwisha, bila kuogeshwa, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi haifanyi kazi baada ya hapo.

Kuhusu kwaya, tuliuliza viongozi wake, wawili walikuwa kwenye semina, kwa nini aliyetolewa ni yule asiyeweza kuficha tumbo. Mmoja alisema hawakujua juu ya kinanda. Mwingine alitazama chini. Walisema watakutana Jumatano, na mama yule alikwenda kukaa na afisa wa watoto wa kaunti ndogo chini ya mwembe, wakaandika.